Leseni ina jina la baba, bastola inalala na nyumba nzima

Mama huyo, mkazi wa Kunduchi Mtongani jijini Dar es Salaam, hakuiona bastola siku hiyo. Alichokiona ni zipu.

Mkoba mdogo mweusi wa mumewe hukaa juu ya kabati la nguo chumbani kwao, nyuma ya begi la safari. Kwa miaka minne mumewe amekuwa akiuweka hivyo hivyo, zipu ikielekea ukutani. Jumamosi hiyo mama alipanda kwenye stuli kutafuta shuka za wageni, akakuta zipu inaelekea mlangoni.

Alishuka taratibu, akakaa kitandani, kisha akamwita mwanawe wa miaka 9. Mtoto akakana. Akamwita mpwa wake wa miaka 11, aliyekuja kula likizo kutoka Temeke. Huyu alitazama sakafu kwa muda kabla ya kufungua mdomo.

"Shangazi, tulishika tu. Tulitaka kuona kama ni nzito kuliko ile ya Sikukuu."

"Ile ya Sikukuu" ni bastola ya plastiki waliyonunuliwa mwisho wa mwaka.

Hakuna aliyeumia. Ndani ya bastola kulikuwa na magazini yenye risasi, ila hakukuwa na risasi iliyopandishwa kwenye chemba. Jioni baba aliporudi kutoka dukani na kusimuliwa, jambo la kwanza alilofanya ni kutoa risasi na kuzihesabu moja moja juu ya kitanda.

"Zote zipo," akasema kwa kupumua.

"Sijakuuliza risasi, baba watoto," mkewe akamjibu. "Nakuuliza watoto."

Mazungumzo ya wanandoa hao, ambao hawakutaka majina yao yaandikwe, yanagusa jambo ambalo familia nyingi zenye silaha halali huwa hazilizungumzi mezani. Mwenye silaha huumizwa kichwa na ada ya leseni, bei ya risasi, vibali na foleni za polisi. Wanaoishi naye wana swali jingine kabisa: chombo hicho kinalala wapi, na ni nani anaweza kukifikia?

Safari ndefu hadi leseni

Baba wa nyumba hiyo ana duka la vifaa vya ujenzi Tegeta. Hufunga saa 2 usiku, mara nyingi akiwa na fedha za mauzo. Miaka kadhaa iliyopita alivamiwa na vijana wa pikipiki karibu na lango lake, wakachukua fedha na simu. Alipona, lakini kwa miezi mingi hakupata usingizi mzuri. Ndipo akaamua kuomba silaha ya kujilinda.

Nchini Tanzania, umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Kumiliki silaha si haki ya kuzaliwa nayo. Ni ruhusa anayopewa mtu baada ya kuchunguzwa, na inaweza kuondolewa.

Mwombaji huanzia nyumbani kwake, serikali ya mtaa, ambako watu wanamfahamu. Maombi hupita kwenye kamati za ulinzi na usalama na kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, yaani OCD. Alama za vidole huchukuliwa, historia ya makosa hutazamwa, na mwombaji hueleza kwa nini anahitaji silaha. Akikubaliwa hupata kibali cha kununua, kisha silaha aliyonunua hurudishwa polisi ili namba zake ziandikishwe na leseni itolewe.

Baada ya hapo kuna ada ya leseni, na kuna uhakiki. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka mwaka 2016, Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, alipoagiza wamiliki wote wa silaha mkoani humo wazipeleke kuhakikiwa. Hata Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alihakikiwa silaha zake. Mwaka 2022, Septemba na Oktoba, Serikali ilitoa msamaha kwa waliokuwa na silaha kinyume cha sheria ili wazisalimishe kwa hiari bila kushtakiwa.

Baba huyo amepita hatua zote na karatasi zake zimekamilika. Anajua namba ya bastola yake kwa kichwa kama anavyojua namba ya simu. Lakini mkewe anasema katika safari hiyo yote, tangu barua ya mtaa hadi siku bastola ilipoingia ndani, yeye hakuulizwa swali hata moja. Aliambiwa tu usiku mmoja: "Ipo juu ya kabati, usiiguse."

Leseni ina jina la mtu mmoja. Nyumba ina watu sita: wazazi wawili, watoto watatu na dada wa kazi. Likizo wanaongezeka.

Risasi ghali, mazoezi haba

Wamiliki wa silaha wakikutana, hadithi haikawii kufika kwenye bei ya risasi. Shirika la Mzinga lililoko Morogoro hutengeneza risasi hapa nchini, lakini risasi nyingine zinazouzwa kwa raia hutoka nje, na kila bidhaa inayotoka nje hupanda pale dola inapopanda. Hazinunuliwi kama misumari. Mnunuzi huenda na leseni yake kwa muuzaji aliyeruhusiwa, hupata risasi za silaha iliyoandikwa kwenye leseni hiyo tu, na ununuzi huandikwa.

Kwa sababu hiyo, mmiliki wa kawaida hutunza risasi zake kama akiba ya benki. Baba wa Mtongani alinunua boksi moja la risasi 50 mwanzoni. Amewahi kwenda kulenga shabaha mara mbili tu tangu aipate, kwa sababu kila risasi anayofyatua kwenye mazoezi anaiona kama fedha iliyotupwa.

Hapa ndipo bei ya risasi inapogeuka kuwa jambo la afya ya familia. Mtu anayekurupuka usingizini akidhani kuna mwizi hubadilika mwilini ndani ya sekunde chache. Moyo hupiga kwa kasi, viganja hutoa jasho, mikono hutetemeka, macho hung'ang'ania kitu kimoja na kuacha vingine, na masikio huweza kuacha kusikia sauti anazozifahamu. Hiyo ndiyo njia ya mwili kujiandaa kupambana au kukimbia. Polisi na askari hufanya mazoezi ya mara kwa mara ili mwili uzoee hali hiyo. Mfanyabiashara aliyefyatua risasi chache miaka minne iliyopita hana mazoea hayo.

Sasa fikiria nani hutembea nyumbani saa 8 usiku. Ni mtoto anayekwenda chooni, binti anayetafuta maji ya kunywa, kijana wa kidato cha sita aliyechelewa kurudi na anaingia kwa mlango wa nyuma ili asigombezwe, au dada wa kazi aliyesikia mvua na kwenda kuanua nguo.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ya usiku ni taa ya nje inayowaka, mlango wa chuma unaofungwa vizuri, simu yenye chaji na jirani anayeitika. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Mwenye silaha anayehisi kuna mtu ndani, kabla ya kuinua kitu chochote, anatakiwa kujua kila mtu wa nyumba yake yuko wapi, na kuita kwa sauti. Mwizi akisikia sauti hukimbia. Mtoto akisikia sauti ya baba huitika.

Watoto wa Kunduchi na sauti za mlipuko

Wazazi wengi hudhani mtoto hajui kuwa kuna silaha ndani. Watoto wa Kunduchi wana sababu ya kuijua mapema kuliko wengine. Wamekulia karibu na uwanja wa kulenga shabaha, na wapo waliozoea milio ya risasi wakiwa darasani. Upande wa machimbo ya mawe wamesikia milipuko, na upande wa baharini wazee wanakumbuka miaka ambayo uvuvi haramu wa baruti ulikuwa ukitikisa pwani yote ya Dar es Salaam.

Zaidi ya hayo, wanaona silaha kila siku. Mlinzi wa benki anayo begani. Mlinzi wa kituo cha mafuta huisimamisha kando ya kiti akienda kuchukua chai. Na kila Iddi na Krismasi, bastola za plastiki huuzwa barabarani, nyingine zikiwa zimetengenezwa zifanane kabisa na za kweli.

Mtoto huyo akikuta bastola kabatini, atafanya nini? Watafiti wa Atlanta nchini Marekani walilijaribu swali hilo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2001. Waliwaweka wavulana 64 wa umri wa miaka 8 hadi 12, wawili au watatu kwa kundi, kwenye chumba chenye droo. Ndani ya droo moja kulikuwa na bastola ya kweli iliyozimwa isiweze kufyatua risasi, na kwenye droo nyingine bastola za maji. Watafiti walikuwa wakiwatazama kupitia kioo.

Wavulana 48 waliikuta bastola ya kweli. Kati yao, 30 waliishika, na 16 walivuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioikuta walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na uhakika. Jambo linalopaswa kumkalisha mzazi kitako ni hili: zaidi ya 9 katika kila 10 ya walioishika walisema walishawahi kufundishwa kuhusu usalama wa silaha.

Maana yake si kwamba kuwafundisha watoto hakuna faida. Watoto wote wafundishwe kanuni hii: ukiona silaha, usiiguse, ondoka hapo, kamwambie mtu mzima. Lakini maneno hayo hayawezi kuwa kufuli. Udadisi wa mtoto ni sehemu ya akili yake kukua, na akiwa na mwenzake, udadisi huo huongezeka maradufu. Wale watoto wawili wa Mtongani walikuwa wameonywa wasiiguse. Walishika tu.

Kifyatulio nacho hakihitaji nguvu za mtu mzima. Mtoto wa miaka 3 asiyeweza kukivuta kwa kidole kimoja anaweza kuigeuza bastola, mtutu ukamwelekea yeye mwenyewe, akasukuma kwa vidole gumba viwili.

Kutembea nayo, kuisahau nayo

Kibali cha kuwa na silaha humpa mtu jukumu linalomfuata hadi harusini. Mwenye bastola kiunoni anapoinama kumbeba mtoto wake, bastola iko usawa wa mikono ya mtoto. Anapoingia msalani kwenye ukumbi wa sherehe huivua na kuiweka pembeni, na hapo ndipo husahauliwa. Wengine huiacha kwenye droo ya gari, kisha gari hupelekwa kwa muosha magari, au kijana wa nyumbani hutumwa kuchukua chaja humo humo.

Kuna suala la pombe pia. Polisi wamekuwa wakionya mara kwa mara kuhusu wanaotamba na bastola baa au kufyatua hewani kwenye sherehe na mkesha wa mwaka mpya. Risasi iliyopigwa juu haipotei angani. Hurudi chini, na ikimkuta mtu inaweza kumuua, pengine mtaa wa pili ambako hakuna anayejua ilikotoka. Kanuni ya familia ni rahisi: siku ya kunywa, silaha ibaki imefungiwa nyumbani.

Desemba huleta swali jingine. Familia inakwenda Moshi, Bukoba au Mbeya kula sikukuu na nyumba inabaki na mlinzi. Bastola iachwe au isafiri? Kuiacha kwenye nyumba tupu ni kumwekea mwizi zawadi. Kusafiri nayo kwenye basi lililojaa, kisha kuiweka kwenye nyumba ya bibi yenye wajukuu 15, ni hatari zaidi. Mmiliki anaweza kwenda kituo cha polisi, akaomba ihifadhiwe huko kwa maandishi, na kuichukua akirudi.

Silaha haiazimwi kwa shemeji anayesafirisha fedha, na wala hairithiwi kama shamba. Mmiliki akifariki dunia, ndugu hawagawani bastola pamoja na suti zake. Inapelekwa polisi pamoja na leseni, na mrithi anayeihitaji huanza maombi yake mwenyewe tangu mwanzo. Ikipotea au kuibwa, polisi wanapaswa kuarifiwa mara moja. Aibu ya saa moja kituoni ni nafuu kuliko namba ya bastola yako kukutwa kwenye tukio la mauaji.

Siku ambazo nyumba haina amani

Wizi ndiyo sababu inayotajwa na wengi wanaoomba silaha. Hata hivyo, mwizi huenda asije kwa miaka 10, wakati msongo wa mawazo, ugomvi wa ndoa, madeni na sonona huja bila kubisha hodi.

Marekani, ambako silaha za kiraia ni nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, takwimu zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi nchini humo ni vya watu waliojiua, si waliouawa na majambazi. Mwaka 2020, risasi zilikuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19, zikipita ajali za magari. Tanzania si Marekani, na silaha zetu za kiraia ni chache mno ukilinganisha. Lakini mwili wa binadamu ni ule ule, na nyumba moja yenye bastola isiyofungiwa inafanana na nyingine.

Wataalamu wa afya ya akili wanafahamu kuwa wimbi kali la kutaka kujidhuru mara nyingi ni la muda mfupi, huja na kupita. Anayevushwa salama saa hizo mara nyingi huishi, na wengi hawarudii tena. Silaha ya moto haimpi mtu muda huo. Ndiyo maana kuweka umbali kati ya mtu mwenye maumivu na bastola ni tiba halisi, sawa na dawa anazoandikiwa hospitali.

Kwa wazazi wa vijana, Januari ni mwezi wa kuwa macho, wakati matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Mtoto aliyefeli, aliyedhalilishwa mtandaoni au aliyeachwa na mpenzi anaweza kucheka mezani na kulia chumbani. Ukiona mtu wa nyumba yako, awe mkubwa au mdogo, amekata tamaa, hali wala halali, anagawa vitu vyake au anasema angekuwa heri asiwepo, usisubiri. Mwulize kwa upole, kaa naye, na siku hiyo hiyo silaha itoke nyumbani iende ikahifadhiwe polisi. Kama anayeumwa ni mwenye silaha mwenyewe, mke, mume au kaka ana haki ya kwenda kituoni kueleza. Hiyo si kumsaliti.

Huduma za afya ya akili zinapatikana Hospitali ya Taifa Muhimbili na katika hospitali za rufaa za mikoa, ikiwamo Mwananyamala kwa wakazi wa Kinondoni. Mtoto au mzazi anaweza pia kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

Chuma, kufuli na funguo

Mkataba wa Nairobi wa Aprili 2004, ambao Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika zilisaini kudhibiti silaha ndogo, unazitaka nchi ziweke sheria kuhusu namna raia wanavyozitumia na kuzihifadhi silaha zao. Kwa lugha ya nyumbani, hayo yote yanaishia kwenye chuma, kufuli na funguo.

Tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa nyumba ambazo silaha imefungiwa, haina risasi ndani, na risasi zimefungiwa mahali pengine, watoto na vijana wake huumia au kujidhuru kwa silaha kwa kiwango kidogo zaidi. Mambo ya kufanya ni haya:

• Silaha itolewe risasi kabla ya kuhifadhiwa. Kutoa magazini hakutoshi, lazima chemba pia ikaguliwe, kwa sababu risasi moja inaweza kubaki humo.

• Iwekwe kwenye sefu au kasha la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni. Juu ya kabati, chini ya godoro na ndani ya begi la nguo ni mahali pa kuficha, si pa kuhifadhi. Watoto ni mabingwa wa kutafuta.

• Risasi zikae kwenye kasha jingine lenye kufuli yake.

• Funguo zikae kwa mwenye leseni, zisiwekwe kwenye kikapu cha funguo za nyumba wala nyuma ya picha ya harusi. Kama ni sefu ya namba, isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

• Usafishaji ufanyike watoto wakiwa hawapo, mtutu ukielekea mahali salama, risasi zikiwa chumba kingine.

• Mwenza ajue silaha iko wapi na nini cha kufanya mwenye silaha akiugua, akisafiri au akifariki.

Wapo watakaouliza: mwizi akija usiku, nitafungua kufuli ngapi? Swali hilo ni la haki. Sefu ndogo za namba au alama ya kidole hufunguka kwa sekunde chache na zinaweza kuwekwa karibu na kitanda. Kwa asiye na uwezo wa kuinunua, fundi wa kuchomelea anayetengeneza grili za madirisha anaweza kumtengenezea kasha la chuma lenye kufuli imara.

"Samahani jirani, naomba nikuulize"

Huenda nyumba yako haina silaha kabisa. Lakini mtoto wako hucheza kwa jirani, hulala kwa shangazi Mbezi Beach, huenda kusoma kwa rafiki yake Salasala. Mzazi huuliza kama kuna mbwa mkali au kama kisima kina mfuniko. Kuhusu silaha, wengi huona haya, wakihofia kuonekana wanachunguza mali za watu.

Njia nyepesi ni kuiweka pamoja na maswali mengine ya malezi. "Mama, samahani, huyu wangu ni mtundu sana, hakuna kitu asichokishika. Mbwa mnafunga? Na kama kuna dawa, sumu ya panya au silaha, naomba viwe vimefungiwa akija." Mzazi mwenzako hatakasirika. Akikasirika, umepata jibu, na watoto wanaweza kucheza kwako.

Ikitokea

Mtu akipigwa risasi nyumbani, dakika za kwanza ni za kuzuia damu. Hakikisha kwanza silaha imewekwa pembeni. Chukua kitambaa safi, kanga au fulana, kandamiza jeraha kwa nguvu kwa mikono miwili na usiachie. Damu ikilowa, ongeza kitambaa juu, usiondoe cha chini. Usijaribu kuitoa risasi, usimpe maji wala chakula kwa sababu huenda akahitaji upasuaji, na mfunike asipate baridi. Mkimbize hospitali mkiendelea kukandamiza.

Majeraha ya risasi huhitaji fomu ya polisi ya PF3, lakini fomu hiyo isiwe sababu ya mtu kumaliza damu. Mmoja aende na majeruhi, mwingine aende kituo cha polisi. Na hata kama ni bahati mbaya ya mtoto, msifiche wala kubadilisha maelezo. Daktari anahitaji kujua ni silaha gani na iligusa wapi. Mtoto aliyefyatua pia ni mgonjwa. Atahitaji mtu wa kumshika mkono kwa muda mrefu.

Nyumba ya Mtongani haikufika huko. Usiku ule ule mama alimpigia kaka yake wa Temeke na kumweleza yote, kabla mtoto hajarudi kusimulia kwa namna yake. Anasema ilikuwa simu ngumu kuliko zote alizowahi kupiga, na kaka yake alinyamaza muda mrefu hadi akadhani mtandao umekatika.

Jumatatu, baba alikwenda kwa fundi. Makasha mawili ya chuma yakafungwa kwa boliti ukutani, moja chumbani na jingine stoo. Gharama yake, anasema, ilikaribia boksi moja la risasi, na bado analalamika kidogo.

Mwanawe wa miaka 9 aliliona kasha la chumbani siku lilipofungwa, akauliza lina nini. Safari hii mama yake hakumwambia asiguse. Alimwambia ukweli kwamba ni silaha ya baba, akamwacha avute mlango wa chuma kwa nguvu zake zote. Haukufunguka.